Majani ya Mkarafuu wa Kisimani

Morogoro, 9 Agosti 2024

Ami yangu Hamdan,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute barazani na chai yako ya mdalasini, na mguu wa Bi Asya umepungua uvimbe. Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku asubuhi haina huruma. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mara ya mwisho nilikuuliza kwa simu habari za macho yako, ukanijibu habari za mbuzi. Barua naipitisha dukani kwa Ramji, Chake Chake, kama ulivyoagiza.

Mwaka huu tumeanza somo la magonjwa ya mimea. Mwalimu wetu kasema kila mmoja aanze kujenga rafu yake ya vitabu vya rejea, na asingojee kutajiwa. Nimemuwaza mtu wa kumuuliza, na sikumpata mwengine ila wewe uliyemaliza umri wako ukipima majani ya watu. Ni vitabu gani ambavyo mtu hawezi kuisoma fani hii bila ya kuwa navyo?

Na kile chembamba chenye jalada la kijani, cha maradhi ya mikarafuu, bado unacho? Ningependa uniazime, japo kwa mwezi mmoja.

Kaka Abdulnasir anakusalimu.

Mwanao,
Khairiya


Vitongoji, 30 Agosti 2024

Mwanangu Khairiya,

Waalaykumu salaam, na marahaba. Barua yako ilikaa kwa Ramji mpaka Bi Asya alipokwenda kununua mafuta ya taa, ndiyo maana nachelewa kukujibu. Mguu wake unaendelea vizuri, na ulimi ndio haujawahi kuumwa. Macho yangu yanasoma bado, mradi niwe dirishani. Mbuzi pia wazima, kwa vile uliuliza.

Swali lako limenifurahisha, kwa hiyo vumilia maelezo. Kwanza upate kitabu kikubwa cha misingi. Hicho hakikutajii dawa. Kinakufundisha kwamba ugonjwa unataka vitu vitatu vikutane: mmea unaokubali kuugua, kimelea chenye nguvu, na hali ya hewa inayokisaidia. Kikikosekana kimoja, hakuna ugonjwa. Humo pia utajifunza kwamba ugonjwa una njia yake ya kutembea. Hutoka mti huu ukaenda mti wa jirani, hufuata maji, hufuata upepo. Kwa hiyo kabla hujainama kutazama jani, simama utazame shamba zima, uone vifo vimekaaje.

Cha pili ni kitabu cha picha za kuvu kama zinavyoonekana kwenye hadubini. Usikisome kama hadithi. Kiweke karibu na mkono. Kisha kitabu cha kazi za maabara, kitakachokwambia ukate wapi. Wanafunzi wengi hukata pale palipokufa kabisa, wakaotesha uozo wa kawaida wakadhani wamemkamata muuaji. Kipande kichukuliwe mpakani, baina ya palipo hai na palipokufa. Halafu kuna orodha nene za maradhi ya kila zao, zao baada ya zao, na hizo maktaba yenu hapana shaka inazo.

La mwisho ni muhimu kuliko vyote. Usiamini kitabu kimoja. Weka viwili wazi mezani, ulinganishe sentensi kwa sentensi. Vitabu huandikwa na watu, na watu hukosea, na wengine hawakosei kwa bahati mbaya.

Kile cha kijani nimekiazimisha. Kikirudi tutazungumza. Lakini mbona mikarafuu? Mwalimu wa huko angekuanzishia mahindi au nyanya.

Bi Mardhiya, jirani wa shamba la babu yako kule Mgogoni, alikuja juzi. Anasema, "Hamdan, miti ya marehemu inakufa mmoja mmoja kama kuku wenye kideri." Nilimwambia nitakwenda. Sijenda bado.

Ami yako,
Hamdan


Morogoro, 27 Septemba 2024

Ami,

Shikamoo. Mpe pole Bi Asya, na mwambie ulimi ule ndio unaotukumbusha nyumbani. Huku mvua za vuli tunazingojea. Mwenzangu wa chumbani, Nahla, amepata mafua, nami nimejifanya daktari kwa tangawizi.

Nakushukuru kwa maelezo ya vitabu. Cha misingi nimekipata maktaba, na orodha za mazao zipo, ingawa kuzipata lazima upange foleni. Ya kulinganisha sentensi kwa sentensi nimeyaandika kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Nahla anauliza kama ni aya.

Kuhusu mikarafuu: sisi tumezaliwa chini yake, Ami, kwani naweza kuuliza nini? Kama kitabu cha kijani hakijarudi, basi nieleze wewe kwa mistari michache. Mkarafuu ukipatwa na kile kifo cha ghafla, unaanza vipi na majani yake yanakuwaje? Nataka kujua kama majani ya rangi ya kutu, kama yale ya upande wa kisimani, ni dalili ya ugonjwa huo au ya kitu chengine.

Nikwambie na jambo usinikasirikie. Kaka anasema kitabu hujakiazimisha. Anasema umekificha kwa sababu unataka shamba la Mgogoni libaki chini ya kauli yako. Mimi nimemwambia si kweli. Ni kweli?

Mwanao,
Khairiya


Vitongoji, 20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na msimu wa karafuu umefika nao. Kijiji kizima kinanukia. Majamvi yameanikwa mpaka njiani, na mwenye baskeli anashuka aikokote. Bi Asya jioni anakaa na wenzake kuchambua karafuu zitoke makonyo, na humo ndimo anamopata habari za ndoa za watu wote kabla ya wenyewe. Ametuma dua.

Umeniuliza kwa ukweli, nami nitakujibu nusu. Kitabu ninacho. Sikukiazimisha. Sababu yake naiweka kwangu kwa sasa.

Shamba la Mgogoni aliliacha babu yako, na mpaka leo halijagawiwa. Fungu langu liko humo, na la baba yako marehemu liko humo, yaani lenu wewe na Abdulnasir. Lakini mkarafuu, mwanangu, mtu haukati kwa kujisikia, hata uwe wako. Lazima uombe ruhusa, na ruhusa haipatikani kwa mti mzima. Mti uliokufa kwa ugonjwa ndio rahisi kuombewa. Kwa hiyo mwenye kutaka kiwanja hana haja ya shoka kwanza, anahitaji ugonjwa. Huku kuna mtu wa Wesha anayetafuta pahala pa kujenga ghala, karibu na barabara. Nakueleza tu, kwa vile wewe ni msomaji.

Mwezi wa Julai Abdulnasir alinijia kuniomba kitabu cha kijani. Kijana ambaye hajapata kuniomba hata gazeti. Mwezi wa Agosti ukaniomba wewe. Na katika barua yako umetaja majani ya kutu ya upande wa kisimani. Kisima cha Mgogoni kiko kando ya barabara. Wewe mara ya mwisho kufika pale ilikuwa kabla mti wowote haujaugua. Umeyaonaje?

Jibu la uliyouliza ni hili. Katika kifo cha ghafla, vijizizi vidogo hufa kwanza, chini kwa chini, wakati mti juu bado unaonekana mzima. Kisha majani yote hugeuka rangi kwa pamoja, na ndani ya wiki moja huanguka yote, mti ukabaki uchi kama mlingoti. Hiyo ndiyo alama yake kubwa. Andika hivyo.

Ami yako,
Hamdan


Morogoro, 15 Novemba 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia harufu ya karafuu kwenye barua. Nimeinusa kweli, Nahla shahidi. Nahla kapona.

Nimesoma maelezo yako zaidi ya mara moja. Ahsante. Kitabu cha kijani sikuombi tena.

Bi Asya labda ameshapata habari huko majamvini, lakini nataka uzisikie kwangu. Suhail ameleta posa, na nikah imewekwa baada ya Ramadhani, inshallah, Mfungo Mosi. Kwa vile baba hayupo, kaka ndiye walii wangu, na yeye ndiye atakayenioza. Unaijua sheria kuliko mimi.

Nina mitihani. Niombee dua, na usiniulize kwanza.

Khairiya


Vitongoji, 12 Desemba 2024

Khairiya,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani wote wazima. Hongera kwa posa. Suhail namjua, ni kijana anayesikiliza. Nilitaka barua hii iishie hapo.

Wiki iliyopita sheha wa Mgogoni aliniita kama mwenye fungu katika shamba. Abdulnasir ameomba ruhusa ya kukata miti yote ya upande wa barabara, iliyokufa na iliyo hai, eti ugonjwa usienee. Ameambatanisha maelezo ya kitaalamu. Afisa wa kilimo aliyekuja kukagua ni Bi Kauthar, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe. Alisimama chini ya mkarafuu wa kisimani, karatasi mkononi, akatazama juu kwa muda mrefu.

"Mzee Hamdan," akasema, "maelezo yanasema mti uko uchi kama mlingoti. Mbona huu umevaa?"

Majani yalikuwa yamekauka, rangi ya kutu, yote yako juu yananing'inia.

Abdulnasir akadakia, "Yataanguka tu, Bi Kauthar. Mpe siku."

"Huu umekufa tangu Julai, kwa maneno yako mwenyewe. Wiki moja bado haijesha?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana mlingoti ule ni wangu. Sentensi ile niliitunga hapa, dirishani pangu, na nikaipeleka kwa mtu mmoja tu duniani. Ni ya uongo, Khairiya. Mkarafuu uliokufa kifo cha ghafla haudondoshi majani. Hubaki nayo yamekauka tawini. Kila aliyefanya kazi hii Pemba anajua. Niliigeuza makusudi, nione itatokea wapi. Imetokea kwenye ofisi ya sheha, neno kwa neno.

Bi Kauthar akaomba jembe. Walifukua vijizizi, vikatoka vibichi, vyeupe ndani. Ugonjwa ungeanza huko. Akafukua karibu na shina. Chini ya udongo, pasipoonekana na mpita njia, gamba limekatwa kuzunguka mti wote, na udongo ukarudishwa juu na kushindiliwa. Na mti wa pili vivyo hivyo, na wa tatu.

Ruhusa imekataliwa. Mimi sina la kuongeza. Nilikufundisha rafu nzima ya vitabu, nawe ukachukua kilichokufaa.

Hamdan


Morogoro, 25 Januari 2025

Ami,

Shikamoo. Bi Asya hajambo? Mbuzi je? Nauliza kwa sababu barua yako haikunitajia mbuzi, nikajua umekasirika kweli.

Nimekaa na kalamu wiki nyingi. Sasa nakujibu yote.

Majani ya kisimani niliyaona kwenye simu. Kaka alinitumia picha mwezi wa Julai akaniuliza mti unaumwa nini, nami nikaamini unaumwa. Ndiyo maana nilitaka kitabu. Kisha akaniletea picha nyengine, na nyengine. Nikasimama nikatazama shamba zima, kama ulivyoandika. Miti inayokufa yote iko kando ya barabara, na ya nyuma mizima. Ugonjwa gani huo unaopenda barabara? Nikampigia simu nikamwambia afukue vijizizi anipigie picha. Akaniambia, "Wewe andika maelezo ya ugonjwa. Ya mizizi niachie mimi." Nikasema siandiki. Akasema, "Basi na mimi sisimami mbele ya shehe. Tuone nani atakuoza."

Ami, huyu ndiye aliyenibeba begani siku tuliyomzika baba. Sikuweza kumshitaki kwako. Na wewe ulikuwa umeshanidanganya kuhusu kitabu.

Barua yako ya Oktoba ilipofika, nilifanya lile lililobandikwa ukutani. Nilikwenda maktaba nikaifungua orodha ya maradhi ya mazao, ukurasa wa mikarafuu, nikaiweka kando ya barua yako. Kitabu kinasema majani yananing'inia. Barua inasema yanaanguka. Nikazitazama picha: yananing'inia. Mtu aliyefanya kazi hii maisha yake yote hakosei pale. Nikajua umenitegea. Nililia, nakwambia kweli, Nahla akadhani nimefiwa.

Kisha nikafikiri. Ningempa kaka maelezo yaliyo sawa, yangelingana na miti yake, maana nilishashuku mkono wa mtu, na mti uliokatwa gamba nao hukauka na majani juu. Afisa angetazama juu, akatazama karatasi, akatia saini, na jembe lisingeombwa. Kwa hiyo niliinakili sentensi yako kama ilivyo, pamoja na mlingoti, nikaitoa ile ya vijizizi, kaka asije akaviharibu. Sikuweka jina langu. Nilijua yeyote anayejua kazi atasimama pale pale. Nilidhani utakuwa wewe, na nilidhani utaelewa.

Uliona sentensi yako ukanihukumu. Hukuuliza kwa nini mwanafunzi mwenye maktaba ameinakili.

Kaka ameshajua. Hapokei simu. Mama yake Suhail anauliza kama tarehe ipo au haipo.

Khairiya


Vitongoji, 16 Februari 2025

Mwanangu Khairiya,

Waalaykumu salaam. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Bi Asya amesomewa barua yako, akanitazama, akaenda jikoni. Siku tatu nimekula ugali mkavu, nami sikudai mchuzi.

Umenishika palipo hai. Nilikata kipande kwenye uozo nikadhani nimemkamata muuaji. Nisamehe.

Nilikwenda Mgogoni. Abdulnasir alikuwa anatengeneza banda la kuku.

"Karibu, Ami. Umekuja na jembe au na kitabu?"

"Nimekuja na mdomo tu."

"Basi kaa. Mdomo haufukui mizizi."

Nikakaa. Nikamwambia habari ya nikah.

"Aende akaozwe na vitabu vyake," akasema. "Na mashahidi anao, rafu nzima."

Nilicheka, Mungu anisamehe, na yeye akageuza uso nisione kama amecheka. Nikamwambia, "Miti imeshakatazwa. Yule mtu wa Wesha kashapata pahala kwengine. Ukimzuia dada yako leo, hupati hata tawi. Utakuwa umemzuia ili umzuie tu."

Akaendelea kupiga misumari. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Si kwamba sitaki. Nitasimama vipi mbele yake? Uso huo ninao?"

Nikamshikia ubao.

"Nakupa wewe wakala. Umuoze kwa niaba yangu. Lakini usinilazimishe kukaa kwenye jamvi."

Ijumaa baada ya sala alikuja, akayasema hayo mbele ya Shehe Seif na watu wawili, akaondoka kabla ya kahawa. Sheha naye amemtaka apande miche penye kila mti aliouua. Ameanza kuchimba mashimo. Bi Mardhiya anamhesabia kwa sauti kutoka barazani kwake.

Kwa hiyo mwambie mama yake Suhail tarehe ipo.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi. Ni kitabu cha kijani. Sikuazimi, ni chako. Nilikificha nikidhani hatari iko kwa atakayekisoma.

Ami yako,
Hamdan


Morogoro, 8 Machi 2025

Ami yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu kwako na kwa Bi Asya. Mwambie akurudishie mchuzi, kwa heshima ya mwezi. Mapacha wa mbuzi wapewe majina kabla sijafika.

Kitabu kimefika salama, na kinanukia kabati lako. Kabla ya kitu chochote nilifungua ukurasa wa majani. Yananing'inia.

Habari ya wakala niliisoma mchana nikashukuru. Jioni, baada ya kufutari, nikampigia simu Shehe Seif nikamuuliza kama kaka kweli alikuja Ijumaa, na alisema maneno gani, na nani walikuwepo. Akaniuliza, "Kwani ami yako hakukuandikia?" Nikamwambia kaniandikia. Akanisimulia yote. Yamelingana na barua yako, sentensi kwa sentensi, isipokuwa kahawa. Yeye anasema kaka alikunywa nusu kikombe. Nimefurahi kuwa alikunywa.

Usione uchungu kwa kuwa niliuliza. Karatasi ya maneno yako bado iko ukutani.

Nikija kwa Idi nitashukia Mgogoni kwanza, nimuone kaka akipanda miche, nimsaidie kama atataka, na nikae naye hata asiponitazama. Nitafukua kidogo chini ya mkarafuu mmoja wa nyuma, nijionee kwa macho yangu kwamba ni mzima. Halafu nitakuja Vitongoji. Uniwekee chai. Ukiniambia umeshaitia sukari, nitaionja.

Mwanao,
Khairiya